Jumanne saa nane mchana: nilivyoacha bangi kwa kuongea

Nilianza kuvuta nikiwa na miaka 19, kijiweni Mikindani, Mtwara, chini ya mwembe. Miaka ile sina mengi ya kuisimulia. Ilikuwa bangi ya Jumamosi na wenzangu, ikiisha imeisha, Jumatatu naamkia kazini kama kawaida. Mambo yalibadilika 2019, mdogo wangu alipofariki kwa ajali ya pikipiki barabara ya Masasi. Usiku ule mimi ndiye niliyempigia simu aje.

Kazi yangu ni ukarani wa mizani kwenye ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, malori yanajipanga kutoka Newala na Tandahimba, tunapima magunia mpaka usiku wa manane. Baada ya msiba nikawa natoka kazini mwili umekufa kwa uchovu lakini usingizi hauji. Nalala macho yakitazama paa, nasikia ile simu: nikisema njoo, yeye akisema nakuja kaka. Msokoto mmoja ulikuwa unaizima ile sauti. Basi nikawa nao kila usiku. Kufika 2022 ilikuwa mitano kwa siku: wa kuamkia, wa kwendea kazini, wa mapumziko, wa kutokea kazini, wa kulalia. Kila mmoja shilingi 600, yaani 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, ndani ya nyumba ambayo daftari la mtoto lilikuwa linanunuliwa kwa mkopo dukani.

Mke wangu hakuwa mtu wa kelele. Aliniambia mara moja tu, "Baba watoto, uko ndani lakini haupo." Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa.

Mei 2023 nilijaribu kuacha kwa nguvu zangu. Nilitupa mzigo wote baharini, nikaapa, nikaenda kulala. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili nilimfokea mtoto kwa sababu ya uji uliomwagika, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mama yake. Siku ya tatu niliamka shuka limelowa jasho, na ugali wa muhogo niliopenda tangu utoto ukawa kama udongo kinywani. Usiku wa nne zikaja ndoto. Mdogo wangu amesimama mlangoni, helmeti mkononi, ananitazama, hasemi. Usiku uliofuata tena, helmeti ileile. Nilimsimulia mama, akasema marehemu ana neno, tusimpuuze.

Tukaenda kwa mganga. Shilingi 180,000 na kuku mweusi. Ndoto hazikukoma. Siku ya kumi nikarudia msokoto, nikalala fofofo, na mdogo wangu hakuonekana tena. Nikajiaminisha kwamba bangi inanilinda. Hilo lilinipotezea karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu nalieleza kwa urefu. Baadaye nilifundishwa kwamba bangi inayovutwa kila siku hupunguza ndoto, na mtu anayeacha ghafla ndoto humrudia kwa kishindo, zikiwa wazi kama mchana. Pamoja nazo huja hasira, kukosa usingizi, kutokwa jasho na kukosa hamu ya kula. Dalili huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hukaza wiki ya kwanza, nyingi hupoa ndani ya wiki mbili, ila usingizi unaweza kusumbua mwezi au zaidi. Ningelijua hili Mei ile, kuku yule angekuwa hai na mimi ningevumilia siku kumi nyingine.

Kosa la pili lilikuwa la msimu. Oktoba mabibo yakaiva, gongo ya mabibo ikajaa mitaani, nikaona bora hii kuliko bangi. Nikaacha msokoto wa jioni nikashika glasi. Usiku mmoja wa Novemba niliandika kilo 4,380 badala ya 3,480. Tofauti ya kilo 900, na ghala lina stakabadhi za wakulima, si mchezo. Kosa lilionekana asubuhi, likarekebishwa, nami nikakatwa mshahara. Desemba mke wangu akachukua watoto akaenda kwao Newala.

Kwetu mjomba akikuita unakwenda. Alikaa na wazee wawili barazani, akaniambia, "Mpwa wangu, mimi sitaki kukusema. Nataka nijue unataka nini." Mmoja wa wazee akashauri nipelekwe nikanywe methadoni, amesikia inasaidia. Naliweka wazi hili kwa sababu nimelisikia kwa wengi: methadoni ni dawa ya watumiaji wa heroini na dawa za jamii yake. Ndiyo maana kliniki ya methadoni ilipoanza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 ilikuwa ya watu hao. Kwa bangi haina kazi. Wala hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa ajili ya kuacha bangi. Tiba iliyopo ni ya kuongea na mtu aliyesomea, na hiyo watu wengi huku hatuiiti tiba.

Kituo cha kwanza nilichokwenda sikurudi. Niliambiwa kwa sauti, koridoni, mbele ya akina mama wenye watoto: "Wewe wa bangi, kaa kule." Nilitoka nikapanda bajaji moja kwa moja mpaka nyumbani, na jioni hiyo nikavuta. Baada ya wiki tatu shemeji yangu mmoja aliye muuguzi akanielekeza hospitali nyingine na akanifundisha la kusema dirishani: "Naomba kliniki ya afya ya akili." Basi. Huna haja ya kueleza zaidi kwa mtu anayeandika kadi. Mengine utayasema mlango ukifungwa.

Februari 2024, Jumanne saa nane mchana, mlango ukafungwa. Mshauri alikuwa mama wa makamo, meza ndogo, feni moja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nilikuwa na hofu ya polisi, maana bangi ni kosa la jinai na sheria ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya haina mzaha. Nikamuuliza kabla sijakaa. Akanijibu kwamba tutakayoongea yatabaki humo, isipokuwa nikisema nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Naomba kila anayekwenda aulize hivi mwanzoni. Mimi nisingeuliza, ningedanganya vikao vitatu.

Nilijiandaa kufokewa. Akaniuliza: "Mwanangu, bangi inakusaidia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka yote niliulizwa kwa nini siachi, nimelogwa na nini, sina aibu. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba ilikuwa na kazi kwangu. Nikamwambia inanilaza. Akaandika. Nini kingine? Inanifanya nisisikie simu. Hakuniuliza simu gani. Akaandika tu, akageuza ukurasa, akauliza na inakuchukulia nini. Hapo nilisema mengi: mke, kilo 900, mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Kisha akaniomba nitaje namba, kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwangu. Nikasema 6. Nilitegemea aulize mbona si 10. Akauliza, "Kwa nini 6 na si 2?" Nikajikuta namweleza mimi mwenyewe sababu za kuacha, kwa mdomo wangu, bila mtu kunisukuma. Nimekuja kusoma kwamba njia hii ya mahojiano ya kuamsha motisha ilielezwa na mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, mwaka 1983, na aliianzia kwa walevi wa pombe. Siku ile mimi nilijua tu kwamba nimetoka chumbani nikiwa na haya kidogo kuliko nilivyoingia.

Alinipangia vikao 12, kimoja kwa wiki kwa kuanzia. Kadi na kikao nililipa 10,000, nauli ya Mikindani kwenda na kurudi 2,000, na Jumanne mchana nikampa mwenzangu zamu nikakosa posho. Jumla inauma. Nikapiga hesabu: wiki moja ya bangi ilikuwa 21,000.

Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa daftari. Nilinunua la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikachora mistari mitano: saa, mahali, nani yupo, najisikiaje kabla, najisikiaje baada. Kila msokoto uandikwe. Hakunikataza kuvuta wiki ile. Hili liliwashangaza wote niliowasimulia, mjomba akataka kwenda kumuuliza. Lakini bila hilo nisingeona nilichokiona. Misokoto 34 kwa siku saba. Kwenye ule wa mapumziko niliandika "basi tu" kila siku. Wa kutokea kazini uliandikwa mahali palepale, mwembeni, kwa kuwa njia yangu inapita hapo. Wa kulalia, mstari wa "najisikiaje kabla" ulikuwa na neno moja siku zote saba: naogopa.

Mama yule akaitazama ile safu, akaniambia tusiifukuze yote siku moja. Ile ya "basi tu" nikaiacha wiki ya pili, haikuniuma. Ya mwembeni niliiacha kwa kubadili njia, nikawa nazungukia barabara ya juu, dakika saba zaidi kwa mguu. Rafiki zangu wakasema nimewasusa. Hilo nalo tulilifanyia mazoezi ofisini: yeye akawa rafiki yangu, "Oya, pafu moja tu, mbona unajidai?" nami natafuta la kusema. Mara ya kwanza nilibabaika, nikatoa maelezo marefu ya afya na familia. Akanifundisha kwamba maelezo marefu yanafungua mjadala. Jibu langu likawa, "Mimi leo hapana, nipeni kahawa." Nilirudia mara nane mbele yake mpaka likatoka bila kutetemeka.

Kuhusu hamu yenyewe alinikuta kwenye jambo ninalolijua. Sisi tumekulia kando ya maji, tunajua bamvua na maji mafu, tunajua yanavyojaa na hakuna mtu anayeyazuia kwa mkono. Akasema arosto, yaani ile hamu kali, ikija usipigane nayo wala usiikimbilie, iangalie inavyopanda, uandike saa. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, simu mkononi. Saa mbili na dakika kumi: kifua kimebana, mate yanajaa. Na ishirini: naona mkono unataka kuinuka. Na ishirini na tano ilikuwa juu kabisa. Saa mbili na dakika thelathini na tano nikagundua nimekuwa nikimsikiliza jirani anavyogombana na kuku wake, na sijui nimeanza saa ngapi kumsikiliza. Nikaandika hivyohivyo. Zilizofuata hazikuzidi dakika thelathini hata moja.

Msokoto wa kulalia ndio uliokuwa kazi. Tuliuacha mwisho, kikao cha sita. Alianza na usingizi wenyewe: kuamka saa ileile hata kama sijalala, hakuna chai ya rangi baada ya alasiri, simu isiingie kitandani, na nikikaa macho yapata dakika ishirini ninyanyuke nikakae barazani mpaka nisinzie. Akanionya kuhusu ndoto, akanitajia zinaweza kuchukua wiki ngapi. Safari hii mdogo wangu alipokuja na helmeti yake, niliogopa, ndiyo, lakini nilijua mwili wangu unafanya nini.

Kisha akaniuliza ile simu.

Sitaandika yote ya siku hiyo. Nilisema nimemuua. Alinipa karatasi, akanitaka upande mmoja niandike yanayothibitisha hilo na upande wa pili yasiyothibitisha. Upande wa kwanza: nilimpigia. Nilikaa nalitazama neno hilo moja muda mrefu. Upande wa pili yakatoka polepole: sikumwambia akimbize, lori lilikuwa limeegeshwa gizani bila taa, alishawahi kupita njia ile mara mia, nilimpigia kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Hilo la mwisho nilikuwa nimelisahau kabisa. Miaka mitano nilikuwa najihukumu kwa simu ambayo hata sababu yake nimeisahau. Nililia mbele ya mama wa watu, akanisogezea tishu, akasubiri.

Nilivuta mara ya mwisho ya kipindi kile tarehe 2 Aprili. Mke wangu alikuwa amerudi mwishoni mwa Machi, kwa sharti. Siku ya 13 akaleta kipimo cha mkojo kutoka duka la dawa. Kikasoma ipo. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akaanza kukunja nguo za watoto. Niliapa, hakusikia. Namshukuru Mungu kesho yake ilikuwa Jumanne. Nilimwomba tuende wote, mama yule akamweleza kwamba kiini cha bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtu aliyevuta kila siku kwa miaka mkojo unaweza kuonyesha ipo mwezi mzima au zaidi baada ya kuacha. Nguo zikarudi kabatini. Ukiwa na mtu wa kukupima, mwambie hili mapema, kabla ya kipimo.

Kuna jambo nililifanya kwa kushauriana na mama yule wa kliniki. Marekani, alisema, zipo programu zinazompa mtu vocha kila mkojo unapokuwa safi, na inasaidia ikiunganishwa na mazungumzo. Huku hakuna wa kutupa vocha. Nikanunua kibubu cha bati, kila jioni 3,000 ikaingia, mke wangu akishuhudia. Siku ya 40 tulikivunja sakafuni, 120,000, tukanunua godoro la watoto.

Siku ya 71 nilirudia. Ilikuwa Juni, likizo ya shule, watoto wa dada wanatoka jandoni, ngoma usiku kucha, wenzangu wote wa mwembeni wapo. Jibu langu la kahawa sikulitumia. Asubuhi nikajiambia nimeshaharibu, bora niharibu kabisa, nikavuta siku tisa mfululizo na kuruka vikao viwili kwa aibu. Kosa kubwa halikuwa la ngomani, lilikuwa hivyo vikao viwili. Nilipojikokota kurudi, alinionyesha kwamba lile wazo la "bora niharibu kabisa" linajulikana, lina watu waliolichunguza, na ndilo linalogeuza msokoto mmoja kuwa siku tisa. Akafungua daftari langu pale lilipoishia, akaandika tarehe ya siku ile, akanipa kalamu.

Siku hiyo nikamuuliza kama nitapona. Akaniambia ukweli. Kuna mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2016, tafiti 23, watu 4,045. Waliokuwa wameacha kabisa mwisho wa ufuatiliaji walikuwa karibu robo. Walionufaika zaidi ni waliopata vikao zaidi ya vinne, kwa zaidi ya mwezi mmoja, vilivyochanganya ile ya kuamsha motisha na ile ya kurekebisha mawazo na mienendo. Nilikasirika: robo tu? Njiani kwenye daladala hasira ikaisha. Nilikuwa nimejihesabu mimi ni mbovu peke yangu, kumbe nilikuwa kwenye kundi la watu wengi wanaorudia, na wengi kati yao wanapunguza hata kama hawajaacha. Nikapanga vikao vinne vya nyongeza.

Neno moja kwa wenye ndugu anayesikia sauti, au anayeona watu wanamfuata baada ya kuvuta: huyo msimwanzishie daftari. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Mazungumzo ya aina yangu yatamsubiri.

Tangu Juni ile nimevuta mara mbili, zote nimeziandika. Msimu uliopita niliomba zamu ya mchana, posho ya usiku nikaikosa, na sijaijutia. Bado naenda, mara moja kwa mwezi.

Siku ya kumbukumbu ya mdogo wangu nilimchukua mama tukaenda makaburini. Tulifyeka majani, tukasoma dua, mama akaniambia yeye ndiye aliyenituma nipige ile simu, na kwamba miaka yote alikuwa anaogopa nitamlaumu. Tulirudi kwa mguu, tukinyamaza, jua likizama upande wa Mikindani. Asubuhi yake nilifungua daftari na kuandika: nimelala saa nne usiku, nimeamka saa kumi na nusu. Kwenye mstari wa najisikiaje kabla niliandika: nimechoka.